Magadi na mwanzo wa uhai: ni chumvi ipi hasa wanayoizungumzia wanasayansi?

Vumbi lililoletwa kutoka asteroidi Bennu, kidimbwi cha kina kifupi nchini Kanada na maji ya Ziwa Magadi nchini Kenya vimewaelekeza watafiti kwenye fikra moja: huenda uhai duniani haukuanzia katika chumvi ya bahari, bali katika magadi, chumvi ileile inayolainisha maharage jikoni. Fikra hiyo ina nguvu, lakini pia ina wapinzani wenye hoja nzito.

Mwishoni mwa Januari 2025 nilikuwa mezani pangu katika chumba cha habari nikitafsiri taarifa ya mashirika kuhusu Bennu. Taarifa ilieleza kwamba katika mchanga wa gimba hilo zilionekana alama za maji mazito ya chumvi yaliyokauka zamani mno, na kwamba mchanga huohuo ulikuwa na viungo vya uhai. Niliandika "maji ya chumvi", taarifa ikasomwa jioni, nami nikarudi nyumbani. Kesho yake mzee mmoja wa Buyenzi alipiga simu. "Mwanangu," alisema, "jana mmetuambia kwamba huko juu kulikuwa na bahari. Bahari hiyo nani aliimwaga?"

Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mtu anayesikia "maji ya chumvi" kwa Kiswahili hufikiria bahari, au hufikiria chumvi ya Uvinza iliyokuwa ikisafirishwa hadi kingo za Ziwa Tanganyika tangu kabla ya ukoloni. Zote mbili kwa sehemu kubwa ni chumvi ya chakula, yaani klorini iliyoungana na sodiamu. Lakini watafiti wa Bennu hawakuwa wakizungumzia hiyo peke yake. Miongoni mwa madini waliyoyataja lilikuwamo moja linaloitwa trona, na trona kwa Kiswahili tunayo tayari, tena kwenye makopo jikoni: ni magadi.

Kwa mkemia, chumvi si kitu kimoja. Ni ukoo mzima wa vitu vinavyopatikana asidi inapokutana na alkali. Chumvi ya mezani ni mmoja wa wana wa ukoo huo, chokaa ni mwingine, na magadi, ambayo ni sodiamu iliyoungana na kaboneti, ni wa tatu. Wanafanana kwa sura, kwani wote huonekana kama unga au mawe meupe, lakini tabia zao ni mbali kabisa. Anayesema kwamba "uhai ulitokana na chumvi" bila kutaja ni chumvi ipi, kama nilivyofanya mimi jioni ile, hajasema jambo kubwa.

Fosfeti, kiungo kinachokimbia

Ili kuelewa kwa nini magadi yameingia katika mjadala huu, hatuna budi kuanza na fosforasi. Kila kiumbe tunachokijua, kuanzia bakteria hadi tembo, kinaitegemea. Ikiwa imeungana na oksijeni huitwa fosfeti, na fosfeti ndiyo uti wa mgongo wa DNA na RNA, zile nyuzi zinazohifadhi na kupokezana habari za urithi. Fosfeti hiyohiyo imo katika utando unaoizunguka kila seli, na imo katika molekuli ya ATP ambayo seli huitumia kama sarafu ya nishati.

Charles Darwin mwenyewe aliligusa jambo hili. Mnamo Februari 1871 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kuhusu uwezekano wa kidimbwi kidogo chenye joto, ambamo amonia na chumvi za fosforasi, pamoja na mwanga, joto na umeme, vingeweza kutengeneza protini ya kwanza. Barua hiyo imenukuliwa mara nyingi mno, lakini wengi hukumbuka kidimbwi na kuzisahau zile chumvi. Nadhani chumvi ndizo zilizokuwa sehemu yenye manufaa zaidi ya wazo lake.

Taabu ni kwamba fosfeti haikai majini. Mahali popote maji yanapopita juu ya miamba hubeba kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na fosfeti hushikana nayo kwa nguvu na kugeuka kuwa jiwe. Jiwe hilo sote tunalo: ndilo madini ya mifupa na meno yetu. Likishatuama chini, haliyeyuki tena kwa urahisi. Ndiyo maana maji ya bahari na mito yana fosfeti kidogo sana, na ndiyo maana mkulima hulazimika kununua mbolea ya fosfeti hata pale ambapo udongo wake una fosforasi nyingi iliyofungwa ndani ya miamba.

Maabara nazo zina mahitaji yao. Mwaka 2009 Matthew Powner, Béatrice Gerland na John Sutherland, wakiwa Manchester nchini Uingereza, walionyesha njia ya kutengeneza baadhi ya vipande vya RNA kutokana na kemikali sahili zinazodhaniwa kuwapo katika dunia changa. Kazi yao ilipokelewa kwa shangwe, na ilistahili. Ila fosfeti waliyoitumia, si kama kiungo tu bali pia kama kitu cha kuongoza mmenyuko wenyewe, ilikuwa nyingi kupita ile ya baharini kwa mamia ya maelfu ya mara. Swali likabaki: ni wapi katika dunia isiyo na maabara, isiyo na chupa wala mtu wa kupima, fosfeti ingejikusanya kiasi hicho? Watafiti waliliita tatizo la fosfeti, na lilijulikana tangu miaka ya 1950.

Kutoka chungu cha maharage hadi ziwani

Hapa ndipo jikoni panaposaidia. Wale wanaopika maharage makavu kwa kuni au makaa wanajua kwamba yapo maji ambayo hata ukichemsha mchana kutwa maharage hubaki magumu. Maji hayo yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Kuta za seli za punje ya haragwe zimeshikanishwa kwa gundi ya asili, na kalsiamu hufanya kazi kama pini zinazoikaza gundi hiyo. Mama yangu hakujua lolote kuhusu kalsiamu, lakini alijua kutia magadi kidogo chunguni. Kaboneti iliyomo ndani ya magadi huikamata kalsiamu, sodiamu huchukua nafasi yake, gundi hulegea na maharage huiva upesi. Alijua pia kwamba magadi yakizidi, chakula hunuka sabuni na hakiliki. Tutalirudia hilo baadaye.

Sasa tuchukue kanuni hiyohiyo na kuipeleka katika ziwa. Ziwa likiwa katika bonde lisilo na mto wa kutoka, na miamba inayolizunguka ikiwa ya volkano yenye sodiamu nyingi, maji yanayoingia hayana njia nyingine ya kuondoka isipokuwa kuvukizwa na jua. Mwaka baada ya mwaka sodiamu na kaboneti hujilimbikiza. Kaboneti inapokuwa nyingi kupita kiasi, huinyakua kalsiamu yote kabla fosfeti haijaifikia, na kuizamisha chini kama chokaa. Fosfeti hubaki haina mwenzi wa kushikana naye. Inaelea majini, na kila jua linapochoma inazidi kukolea.

Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani walilipima wazo hili na kulichapisha katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Utafiti ulitokea mtandaoni siku za mwisho za mwaka 2019. Walichanganya maji ya aina mbalimbali ndani ya chupa, kisha wakalinganisha matokeo na maziwa ya kweli, yakiwamo Mono la California, Lonar la India, na Magadi la Kenya. Hitimisho lao lilikuwa kwamba maziwa ya magadi yanaweza kuwa na fosfeti hadi mara 50,000 zaidi ya ile iliyomo baharini, mitoni na katika maziwa ya kawaida. Kwa dunia ya kale, ambayo hewa yake ilikuwa na kaboni dioksidi nyingi na kwa hiyo ilimomonyoa miamba kwa kasi zaidi, walikadiria kwamba kiasi hicho kingeweza kupanda hata kufikia kile kinachotumika maabara.

Ziwa Magadi, kusini-magharibi mwa Nairobi karibu na mpaka wa Tanzania, linalobeba jina la chumvi yake, ni mfano unaoonekana kwa macho. Msimu wa kiangazi sehemu kubwa ya uso wake huwa si maji bali ganda gumu jeupe, lenye rangi ya waridi hapa na pale kwa sababu ya vijidudu. Chemchemi za moto hububujika kandokando, na ndani yake huishi samaki wadogo wa jamii ya ngege ambao wamezoea maji yenye joto na alkali ambayo yangeua samaki wengine. Uchimbaji wa magadi umekuwapo hapo kwa zaidi ya miaka 100, na reli ilijengwa kwa ajili yake. Upande wa pili wa mpaka kuna Ziwa Natron, chini ya mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai, ambao lava yake ni ya kipekee ulimwenguni kwa kuwa ni ya magadi, si ya silika kama ilivyo kwa volkano nyingine.

Mtafsiri huwa na udhaifu wa kupenda maneno, kwa hiyo nisamehewe kwa hili moja. Mwanajiolojia Hans Eugster aliyelichunguza Ziwa Magadi katika miaka ya 1960 aligundua humo madini ambayo hayakuwa yamejulikana, akayaita magadiiti. Hivyo neno la Kiswahili linalosikika sokoni limo pia katika vitabu vya madini vya dunia nzima. Jina Natron nalo ni la kale: Wamisri waliitumia natroni kukausha maiti za wafalme wao, na kutokana na neno hilo sodiamu ikapewa alama ya Na ambayo wanafunzi wetu huikariri bila kuelezwa ilikotoka.

Lazima niseme wazi, kwa kuwa nimeshaona vichwa vya habari vinavyopotosha: hakuna mtafiti anayedai kwamba uhai ulianzia Magadi au Natron. Bonde la Ufa ni changa likilinganishwa na uhai, ambao alama zake katika miamba ya Australia zina umri wa takriban miaka bilioni 3.5. Maziwa haya ni mfano wa jinsi mahali pa kale panavyoweza kuwa palifanya kazi.

Kidimbwi kiitwacho Nafasi ya Mwisho

Mfano wenyewe ulikuwa na dosari. Maziwa ya leo yamejaa viumbe, na viumbe hula fosfeti. Je, kabla ya uhai kuwapo, mambo yangekuwaje?

Jibu la sehemu lilipatikana mbali na kwetu, katika uwanda wa Cariboo, jimbo la British Columbia magharibi mwa Kanada. Huko kuna kidimbwi kiitwacho Last Chance Lake, maana yake Ziwa la Nafasi ya Mwisho, ambacho kina chake hakizidi sentimita 30 hivi. Kimekaa juu ya miamba ya volkano, katika hewa kavu. Kina fosfeti nyingi kuliko maji yoyote ya asili yaliyowahi kuripotiwa, zaidi ya mara 1,000 ya ile ya baharini. Sebastian Haas, Kimberly Poppy Sinclair na David Catling walikitembelea kati ya mwaka 2021 na 2022, na mwaka 2024 wakachapisha maelezo yao.

Waligundua kwamba tope la chini lina dolomiti, madini yanayofunga kalsiamu na magnesiamu pamoja na kaboneti. Hiyo ni kazi ya magadi ileile tuliyoiona chunguni. Lakini waligundua jambo la pili, na kwangu hilo ndilo lenye uzito zaidi. Jirani ya kidimbwi hicho kuna kingine, Goodenough, kisicho na chumvi nyingi kiasi hicho. Hicho kina uhai tele, na fosfeti yake ni kidogo kwa sababu inaliwa. Last Chance kina chumvi kali na viumbe wachache, basi fosfeti hubaki bila mlaji na huzidi kulundikana. Kabla ya uhai kuwapo, hapakuwa na mlaji popote. Kila ziwa la aina hiyo lingekuwa ghala lililofungwa.

Zipo sauti zinazosema kwamba kidimbwi cha sentimita 30 ni kidogo mno kwa kazi kubwa kama hiyo, kwa sababu mara uhai unapoanza fosfeti ingekwisha upesi. Craig Walton wa Zurich na wenzake walitoa hoja mwaka 2025 kwamba maziwa makubwa ya magadi, kama Mono, yangeweza kuendelea kulishwa na mito kwa muda mrefu na hivyo kustahimili walaji wa mwanzo. Katika jambo hili naona wana haki, kwani ghala lisilojazwa tena halilishi kijiji.

Mvua na kiangazi

Kuwa na viungo ni jambo moja, kuviunganisha ni jingine. Asidi za amino huungana kuwa minyororo kwa kutoa maji. Ndani ya maji mengi, basi, kuungana kwao ni sawa na kukausha nguo katikati ya mvua. Kwa hiyo watafiti wengi huhitaji mahali panapolowa na kukauka kwa zamu.

Chumvi husaidia hapa kwa njia ambayo kila aliyewahi kuweka kikopo cha chumvi jikoni wakati wa masika anaijua: chumvi hulowa yenyewe. Huvuta unyevu kutoka hewani hata pasipo tone la mvua. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, lilionyesha kwamba chumvi za aina hiyo, zikichanganywa na asidi ya amino, zinaweza kujidhibiti: usiku hewa inapopoa na unyevu kuongezeka mchanganyiko hulowa kidogo, mchana hukauka, na kila zamu minyororo huongezeka. Hakuna haja ya kungoja mvua wala kuogopa gharika itakayoyazimua maji. Mapema zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1980, Bernd Michael Rode wa Innsbruck, Austria, alikuwa ameonyesha kwamba hata chumvi ya mezani, ikisaidiwa na shaba, huweza kuzisukuma asidi za amino ziungane ndani ya maji kwa sababu ioni zake huyashikilia maji na kuyafanya yasipatikane.

Magadi yakizidi

Nilisema tutarudi kwenye chakula kinachonuka sabuni. Sabuni kwa kweli ndiyo kiini cha pingamizi kubwa dhidi ya nadharia hii.

Seli ya kwanza ilihitaji ngozi. Inadhaniwa kwamba utando wa mwanzo ulitengenezwa na asidi za mafuta, vitu vya jamii ya sabuni, ambavyo vikiwa katika maji yasiyo na chumvi nyingi hujikunja vyenyewe kuwa vijifuko vidogo. Lakini mtu yeyote aliyefua nguo kwa maji ya kisima kigumu ameona kinachotokea: badala ya povu hupatikana utandu mweupe unaoganda kwenye beseni. Ni kalsiamu na magnesiamu zinazoiharibu sabuni. Mwaka 2002 Pierre-Alain Monnard, David Deamer na wenzao walionyesha kwamba chumvi kwa kiwango cha bahari huvivunja vijifuko hivyo. Mwaka 2018 kundi lililomhusisha Deamer likaonyesha kwamba vijifuko hujitengeneza katika maji ya chemchemi za moto za Yellowstone, lakini si katika maji ya bahari. Kwa hiyo wako wanaosema: tuache bahari, tuache na magadi, tutafute maji matamu ya chemchemi.

Na kuna fundo ndani ya fundo. RNA inahitaji magnesiamu ili ifanye kazi, ilhali magnesiamu huharibu utando. Kinachomlisha mmoja humuua mwenzake. Zachary Cohen na wenzake walichota maji ya vidimbwi vyote viwili, Last Chance na Goodenough, baada ya jua kuyapunguza, na mwaka 2024 wakatangaza walichokiona. Maji hayo yalikuwa na sodiamu nyingi na magnesiamu kidogo tu, kwa sababu kaboneti huikamata magnesiamu pia, ingawa haiimalizi. RNA ilinakiliwa ndani ya maji hayo kwa kasi inayokaribiana na ile ya maabara. Vijifuko vya utando havikujitengeneza katika maji makali ya kiangazi, ila katika maji yaliyozimuliwa mfano wa baada ya mvua. Jambo la kustaajabisha ni kwamba vijifuko vilivyozaliwa "masika", vilipoingizwa katika maji ya "kiangazi", viligandamana lakini havikumwaga kilichomo ndani yake.

Hili ni jaribio moja, lililotumia vipande vya RNA vilivyoandaliwa mapema na watu wenye ujuzi. Halithibitishi kwamba mambo yalikwenda hivyo. Linachothibitisha ni kwamba fundo lile si la chuma.

Pingamizi jingine bado halijapata jibu la kuridhisha. Magadi ni ya sodiamu, lakini ndani ya kila seli yetu kilichojaa ni potasiamu, na seli hutumia nishati nyingi kuisukuma sodiamu nje. Armen Mulkidjanian na wenzake walidai mwaka 2012 kwamba seli za kwanza zilibeba ndani yao kumbukumbu ya maji zilikozaliwa, na kwamba maji hayo yalikuwa ya mvuke wa volkano za nchi kavu wenye potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Kundi la Saint Louis lilipendekeza njia ya kati, kwa kuwa chumvi za potasiamu huvuta unyevu kuliko za sodiamu. Na mbali na wote hawa wako wanaoshikilia vilindi vya bahari, kwenye matundu yanayotoa maji ya moto yenye alkali, kama yale ya Lost City yaliyogunduliwa mwaka 2000 katika Bahari ya Atlantiki. Wao huuliza kama dunia ile ilikuwa na nchi kavu ya kutosha kubeba maziwa. Miamba ya wakati huo karibu yote imeyeyushwa na kusagwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwonyesha mwenzake ziwa lenyewe.

Ushahidi kutoka mbinguni

Ndiyo maana watu wanatazama juu. Chombo cha Marekani OSIRIS-REx kilidondosha kifurushi chake katika jangwa la Utah tarehe 24 Septemba 2023, kikiwa na gramu 121.6 za mchanga wa Bennu. Uzito huo haufiki kikombe kimoja cha sukari. Mwezi Januari 2025 makundi mawili yalichapisha matokeo. Kundi la Tim McCoy na Sara Russell lilikuta mfuatano wa madini 11 ambayo hubaki maji ya chumvi yanapokauka hatua kwa hatua, yakiwamo fosfeti za sodiamu na trona. Kundi la Daniel Glavin lilikuta asidi za amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe, pamoja na herufi zote tano za DNA na RNA.

Huko nje kuna jingine. Mwaka 2023 Frank Postberg na wenzake, wakipitia upya takwimu za chombo cha Cassini, walitangaza kwamba bahari iliyo chini ya barafu ya Enceladus, mwezi wa Zohali, ina fosfeti walau mara 100 zaidi ya bahari zetu. Sababu waliyoitoa ni kwamba maji yake ni ya magadi.

Wakati huohuo, maziwa yanayoweza kufundisha mambo haya hapa duniani ni machache, na mengine yana thamani kwa watu wengine kwa sababu nyingine. Natron ni eneo oevu linalotambuliwa na Mkataba wa Ramsar tangu 2001, na ndilo mazalio makuu ya korongo wadogo wa rangi ya waridi, yaani heroe, wa Afrika Mashariki. Mpango wa kujenga kiwanda cha magadi hapo ulizua mabishano makali katika miaka ya 2000, na kwa sehemu kubwa yalihusu ndege hao. Sikuona mahali ambapo maji yenyewe yalitetewa.

Nilimpigia yule mzee wa Buyenzi kumwomba radhi. Nilimweleza kwamba hapakuwa na bahari, bali vifuko vya maji ya magadi ndani ya mwamba, na kwamba Bennu ni kifusi tu cha gimba kubwa zaidi lililovunjika. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza: "Sawa, mwanangu. Magadi yalikuwapo, maharage yalikuwapo. Mbona hapakuiva kitu?"

Nilimjibu kwa kile ambacho watafiti wamekiandika. Gimba mama lilikuwa dogo, joto lake likaisha mapema, maji yakakauka au yakaganda. Na asidi za amino za Bennu ziko nusu kwa nusu, za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia, wakati viumbe wote tunaowajua hutumia za kushoto. Mzee akasema, "Basi moto ulizimika," akanishukuru, akakata simu.